Seramu ya mimea haitakukinga jua peke yake, lakini usiitupe

UMETOKA lekcha ya asubuhi, jua limekukazia utosini, na unaingia duka la vipodozi katikati ya jiji kununua mafuta ya kujipaka tu. Muuzaji anakutazama usoni kidogo, anaona yale madoa ya chunusi yaliyokataa kuondoka mashavuni, kisha anafungua kabati ya kioo. Anatoa kichupa cha kahawia, kidogo kuliko chupa ya dawa ya kikohozi.

"Hii ni mimea tupu, kastoma wangu," anakuambia. "Iko na vitamini C, chai ya kijani, nini na nini. Antioksidanti kibao. Ukipaka hii jua haikushiki, hata ile losheni ya jua unaachana nayo."

Unauliza bei. Unapiga hesabu: hizo ni lanchi zako za wiki mbili.

Ununue ama uende zako?

Muuzaji hajakudanganya kabisa, ila pia hajakuambia ukweli wote. Kuna mimea yenye viambato vinavyosaidia ngozi kustahimili jua, na wanasayansi wamevipima. Lakini hakuna hata kimoja kinachoweza kuchukua nafasi ya losheni ya kukinga jua, kofia au kivuli. Ukilielewa hilo vizuri utajua pesa zako ziende wapi. Pia utaepuka makosa mawili ambayo vijana wengi wa mjini wanafanya: kuamini kila chupa yenye picha ya jani, na kujipaka vitu vya jikoni usoni kisha kutoka nje.

Ngozi nyeusi pia huumizwa na jua

Tuanze na jua lenyewe. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ikweta haiko mbali. Inapita pale Nanyuki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kila unapopanda mita 1,000, miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10. Miale hiyo ndiyo inayoandikwa UV kwenye chupa za losheni, na ndiyo inayoharibu ngozi.

Kwa hivyo usipime jua kwa joto. Mtu wa Mombasa anatokwa jasho na kujua kuna jua. Wewe wa Nairobi, Nakuru au Eldoret unavaa sweta, upepo unakupuliza, na unadhani uko salama. WHO hupima ukali wa miale hii kwa kipimo cha namba, na inashauri watu waanze kujikinga kipimo kinapofika 3. Saa sita mchana jijini Nairobi, mara nyingi kipimo hicho hupita 10. Hata mawingu mepesi hayaizuii sana.

Na wewe unayekimbilia kiti cha dirishani kwenye matatu? Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya UVB, ile miale inayounguza. UVA, ambayo huingia ndani zaidi na kuzeesha ngozi, inapita. Ukikaa foleni ya Thika Road saa nzima, shavu moja linaota jua bila wewe kuhisi lolote.

"Lakini mimi ni mweusi," utasema. Ni kweli, melanini ni zawadi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 ulikadiria kwamba ngozi nyeusi ina kinga ya asili inayolingana na SPF ya 13 hivi, wakati ngozi nyeupe ina 3 na kitu. Ndiyo maana saratani ya ngozi inayosababishwa na jua ni nadra kwa Waafrika wengi.

Ila 13 si ukuta wa mawe. Kinachotusumbua sisi zaidi ni madoa. Ngozi yenye melanini nyingi ikichokozwa, jibu lake ni kutengeneza melanini zaidi. Chunusi iliyopona wiki iliyopita inaacha doa, jua linalikoleza, na doa la wiki tatu linageuka la miezi sita. Isitoshe, kwa ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unaweza kuchochea madoa, na losheni nyingi zisizo na rangi haziuzuii vizuri. Hilo tutalirudia.

Hapo ndipo kijana anapokata tamaa na kuanza kutafuta krimu ya kuchubua. Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni, lakini bado vinapatikana mitaani. Tazama kejeli yake: unaogopa madoa ya jua, kisha unalipa pesa kuondoa melanini, ule mwavuli uliozaliwa nao.

Wizi unaofanyika ndani ya ngozi

Ili ujue mmea unaingia wapi hapa, ni vizuri uelewe jua linafanya nini likishapenya.

Miale ikigonga ngozi huzalisha vitu vinavyoitwa radikali huru. Hizi ni molekuli zilizopungukiwa na elektroni moja, na hazitulii mpaka zipate nyingine. Fikiria mtu aliyeporwa simu stendi, naye badala ya kwenda polisi anamgeukia aliye karibu na kumpora yake. Huyo naye anampora mwingine. Dakika chache tu, stendi nzima ni vurugu.

Ndani ya ngozi, wanaoporwa ni mafuta yanayojenga kuta za seli, ni kolajeni inayoishikilia ngozi isilegee, na hata DNA. Vurugu hizo zikirudiwa kila siku kwa miaka, unapata madoa, ngozi iliyokauka, na makunyanzi kabla ya wakati.

Antioksidanti ni yule msee anayeingilia kati na kusema: "Chukua yangu, yaishe." Anatoa elektroni yake, na cha ajabu ni kwamba yeye hageuki mwizi. Mnyororo unakatika.

Umewahi kuliona jambo linalokaribiana na hili kwa macho yako. Ukikata avokado na kuiacha mezani, baada ya muda inakuwa kahawia kwa sababu ya oksijeni. Mama wa kibanda akiikamulia ndimu, inabaki kijani kwa muda mrefu zaidi. Vitamini C na asidi ya ndimu ndizo zinazochelewesha kazi ile.

Mwili wako una antioksidanti zake tayari. Vitamini C na E ziko kwenye ngozi yako sasa hivi unaposoma. Shida ni kwamba jua huzimaliza, na siku ya jua kali zinaisha kwa kasi kuliko zinavyorudishwa.

Mmea hauna mahali pa kukimbilia

Sasa fikiria mchai kule Kericho. Wewe jua likizidi unaingia chini ya mti. Mchai utaenda wapi? Unasimama hapo hapo asubuhi hadi jioni, mwaka mzima, na majani yake lazima yapokee mwanga ili yatengeneze chakula. Kwa hivyo mimea imejitengenezea kinga zake za kemikali: vitamini, rangi, na viambato vichungu vinavyoitwa polifenoli.

Wakenya tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kericho walitoa kwa wakulima aina mpya inayoitwa TRFK 306, ile tunayoijua kama chai ya zambarau. Majani yake yana rangi hiyo kwa sababu ya anthosianini, jamii ile ile ya rangi zilizo kwenye zabibu nyeusi. Wanabotania huziona rangi hizo kama mojawapo ya ngao za jani dhidi ya mwanga mkali.

Lakini je, ngao ya jani inaweza kuwa ngao ya shavu lako? Hapo ndipo inabidi tuangalie vipimo, tusiende na stori za TikTok. Vipo vitatu vinavyofaa kujulikana.

Cha kwanza ni cha chai ya kijani. Mwaka 2001 watafiti wa Alabama, Marekani, walipaka kiini cha chai ya kijani kwenye ngozi ya watu waliojitolea, kisha wakaimulika kwa taa ya urujuanimno. Sehemu zilizopakwa ziliwiva kidogo, na seli zilizoungua zilikuwa chache kuliko sehemu zisizopakwa. Ajabu ni kwamba kiini hicho hakikuwa kikizuia miale kuingia. Kilikuwa kikipunguza madhara baada ya miale kuingia.

Cha pili ndicho kilichozaa zile seramu za bei ya juu. Daktari wa ngozi Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichanganya vitamini C kwa asilimia 15 na vitamini E kwa asilimia 1. Kwenye ngozi ya nguruwe, mchanganyiko huo ulipunguza madhara ya jua karibu mara nne. Mwaka 2005 waliripoti kwamba walipoongeza asidi ya feruliki kidogo tu, nusu ya asilimia moja, kinga ilifika karibu mara nane. Vitamini hizi mbili husaidiana: E ikitoa elektroni yake, C inamrudishia. Asidi ya feruliki inazifanya zote zisiharibike upesi.

Na asidi hiyo ya feruliki inatoka wapi? Iko kwenye maganda ya nafaka. Pumba za mahindi, zile unazowapa kuku, ni miongoni mwa vitu vyenye asidi hiyo kwa wingi. Usichekeshe watu kwa kujipaka pumba lakini; ile ya kwenye pumba imefungwa na nyuzi ngumu na haitoki kwa kusugua. Pia kumbuka kwamba jina la Pinnell linahusishwa na kampuni inayouza seramu ya aina hiyo. Hilo halibatilishi matokeo, ila ukisoma tangazo ni vyema ujue.

Cha tatu kinahusu sahani yako. Mwaka huo huo wa 2001, watafiti wa Düsseldorf, Ujerumani, waliwapa watu gramu 40 za nyanya ya kopo kila siku pamoja na mafuta ya zeituni. Nyanya ina laikopini, rangi yake nyekundu. Wiki ya nne hapakuwa na tofauti ya maana. Wiki ya kumi, ngozi yao iliwiva kwa asilimia 40 chini ya wale ambao hawakula. Ona vitu viwili hapo: nyanya ilikuwa imepikwa na kuliwa na mafuta, maana laikopini hufyonzwa vizuri hivyo, na ilichukua zaidi ya miezi miwili. Yaani sukuma iliyokaangwa na nyanya nyingi inakusaidia kuliko unavyodhani, ila polepole.

Ukuta na soja

Mpaka hapo mambo ni poa. Mbona basi tusitumie mimea pekee?

Chukulia ngozi yako ni ploti. Losheni ya jua ni ukuta: inazuia miale isiingie. Antioksidanti ni soja aliye ndani: anashughulika na wale wachache walioruka ukuta. Ploti yenye ukuta na soja inalala salama. Ukibomoa ukuta na kumwachia soja mmoja lango wazi, atazidiwa kabla ya saa nne asubuhi.

Tuweke hesabu. Losheni ya SPF 15 ikipakwa vya kutosha huzuia karibu asilimia 93 ya miale ya UVB. SPF 30 huzuia asilimia 97, na SPF 50 asilimia 98. Hakuna seramu ya mimea inayokaribia hapo, kwa sababu seramu haikutengenezwa kuzuia.

Lakini ukuta nao una nyufa. Watafiti wa Uingereza walipopima mwaka 2003, losheni za jua zilipunguza radikali huru zinazotokana na UVA kwa takriban asilimia 55 pekee. Na hapo walikuwa wamepaka kiasi kinachotakiwa, si kile kidogo unachopaka wewe ukikimbilia basi. Hiyo nusu iliyobaki ndiyo kazi ya soja. Ndiyo maana wataalamu wengi wa ngozi husema vitu hivi viwili viende pamoja.

Kuna stori inayozunguka mitandaoni ati mafuta ya nazi, ya mbegu za karoti au ya mbuyu ni losheni ya jua ya asili. Ile ya nazi ilianzia maabara moja India ambako mafuta yaliyeyushwa ndani ya spiriti na kupimwa kwa mashine, yakapata SPF ya 7 hivi. Hakuna ngozi ya mtu iliyomulikwa. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa kuzuia ngozi isikauke, na bibi zetu wa Pwani wanalijua hilo tangu zamani. Ila ukienda nayo Diani saa saba mchana ukitegemea ndiyo kinga, utarudi na habari nyingine.

Wanaoujua ukweli huu kwa uchungu zaidi ni wenzetu wanaoishi na ualbino. Ngozi yao haina melanini ya kutosha, na kwao saratani ya ngozi si hadithi. Ni miongoni mwa mambo yanayokatiza maisha mapema katika nchi za Afrika. Ndiyo sababu serikali ya Kenya, kupitia baraza la watu wenye ulemavu, NCPWD, huwapa losheni za jua bila malipo katika hospitali. Kule Moshi, Tanzania, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun mahususi kwa ajili yao. Hakuna anayewapa mafuta ya karoti. Ukiwa na rafiki mwenye ualbino, usimtumie zile video za "asili tupu". Muulize kama amepata losheni yake.

Ndimu iache kwenye avokado

Hapa tafadhali sikiza vizuri, maana hili linaunguza watu kikweli.

Umesikia ndimu ina vitamini C. Umesikia vitamini C inaondoa madoa. Hesabu inaonekana rahisi: kata ndimu, paka usoni, okoa pesa. Usithubutu.

Ndimu, hasa maganda yake, ina kemikali zinazoitwa furanokumarini. Zikikaa kwenye ngozi kisha zikapigwa na miale ya UVA, zinageuka sumu kwa seli. Hutahisi kitu papo hapo. Siku moja hadi tatu baadaye ngozi inawiva, inawasha, na wakati mwingine inatoa malengelenge kama ya maji moto. Ikipona inaacha alama nyeusi inayoweza kudumu wiki au miezi. Yaani umepaka dawa ya madoa na kujichorea doa jipya. Madaktari wameliona tatizo hili hata kwa watu waliokamua ndimu tu kwenye vinywaji wakiwa ufuoni, mikononi wakabaki na michirizi.

Pia maji ya ndimu yana ukali wa asidi unaokaribia pH ya 2. Seramu nzuri ya vitamini C nayo ina asidi, ila imepimwa, imechujwa, na haina zile kemikali za maganda. Kitu kikitoka kwenye mmea hakiwi salama kwa sababu hiyo tu. Upupu pia ni mmea.

Chai uliyochemsha jikoni haitakudhuru hivyo, lakini usitarajie makubwa. Kiini kilichotumika Alabama kilikuwa kizito na kimepimwa. Kikombe chako hakifiki hapo. Kinywe tu, kina faida zake.

Kabla hujatoa M-Pesa

Sasa turudi dukani. Muuzaji bado ameshika kichupa, anangoja. Kishike ukigeuze, usome nyuma.

Tazama rangi ya chupa. Vitamini C huharibiwa na mwanga na hewa. Chupa iwe ya rangi nzito au isiyopitisha mwanga, na ifungike vizuri. Ikiwa imepangwa dirishani kwenye jua, achana nayo.

Tazama rangi ya dawa yenyewe. Seramu ya vitamini C ikiwa mpya huwa haina rangi au ina umanjano hafifu. Ikigeuka rangi ya chai ya rangi, imekwisha nguvu. Usiinunue, na ukiwa nayo nyumbani usiwe na huruma nayo.

Tafuta asilimia. Kwa vitamini C halisi, asidi askobiki, kiwango kinachofanya kazi ni kati ya asilimia 10 na 20, na pH iwe chini ya 3.5 ili ipenye. Zaidi ya 20 haikuongezei kitu ila mwasho. Chupa isiyotaja kiwango chochote lakini ina picha za machungwa matano inakuuzia picha.

Soma mpangilio wa viambato. Kilicho kingi hutangulia. Kama "chai ya kijani" iko mwisho kabisa, baada ya manukato, basi ilipitishwa karibu na chupa tu. Manukato yenyewe, hata mafuta ya maua, yanaweza kuwasha ngozi yenye chunusi.

Hakikisha ina alama ya KEBS na tarehe ya kuisha. Bidhaa inayoahidi "kung'arisha kwa siku saba" bila orodha ya viambato, irudishe kabatini.

Ukishanunua, jaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio au kwenye mkono kwa siku mbili tatu kabla ya kuipeleka usoni.

Kama pesa ni ya kitu kimoja tu

Wengi wetu hatuna bajeti ya chupa tano. Kwa hivyo acha tupange foleni, cha lazima kitangulie.

Cha kwanza ni kisicholipiwa. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, tafuta upande wenye kivuli. Kofia yenye ukingo mpana inashinda kepu, maana kepu inaacha masikio na shingo. Wewe wa boda, helmeti yenye kioo na shati la mikono mirefu ni vipodozi tosha. Wewe wa kuuza nguo au matunda barabarani, mwavuli ule mkubwa ni wa bidhaa na wako pia. Kaa chini yake.

Cha pili ni losheni ya jua, SPF 30 au zaidi, iliyoandikwa kwamba inazuia UVA na UVB. Kiasi cha uso na shingo ni mistari miwili iliyojaa kwenye vidole viwili. Paka robo saa hivi kabla ya kutoka, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Ikiwa shida yako ni madoa, tafuta ile yenye rangi ya ngozi. Rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, na ndiyo inayozuia ule mwanga wa kawaida tuliousema. Bonasi ni kwamba haikuachi na uso wa majivu kwenye picha.

Cha tatu, pesa zikibaki, ndiyo seramu. Asubuhi osha uso, paka matone machache, ngoja ikauke, kisha losheni ya jua juu yake. Habari njema ni kwamba vitamini C ikishapenya hubaki ndani ya ngozi kwa siku kadhaa, haioshwi na maji. Ukikosa siku moja dunia haiishi.

Na cha nne umekuwa nacho siku zote: sahani. Nyanya zilizoiva kwenye mafuta, mboga za kienyeji, karoti, embe, avokado, karanga. Havichukui nafasi ya losheni, lakini vinajaza akiba ambayo jua linaitafuna kila mchana.

Doa likibadilika umbo, likitoa damu, au kidonda kikikataa kupona kwa mwezi, hiyo si kazi ya duka la vipodozi. Muone daktari wa ngozi. Angalia pia nyayo na chini ya kucha, sehemu ambazo saratani hatari ya ngozi hujitokeza zaidi kwa watu weusi, na ambazo haina uhusiano mkubwa na jua.

Haya, muuzaji bado anangoja jibu. Kama huna losheni ya jua nyumbani, mwambie kwa upole akurudishie kichupa kabatini na akuonyeshe zile za SPF 30. Kama unayo na unaitumia kila siku, na kichupa kimepita mtihani wa hapo juu, nunua kwa amani. Akikuambia tena utaachana na losheni, tabasamu tu, chukua chenji yako, na ukitoka vuka barabara utembee upande wa kivuli.